Mguu wa Kushoto wa Binamu

Nimefungiwa mpira maisha. Barua ninayo mpaka leo, imepigwa mashine, ina muhuri wa kamati ya mpira, na inasema kwamba nilimvunja mguu kwa makusudi mchezaji wa nchi ya kigeni katika mchezo wa kirafiki wa kimataifa. Yote ni kweli ila hilo la ugeni. Yule hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa mjomba wangu, amekula ugali wa muhogo kwa mama yangu miaka sita, na kitanda cha kamba tulilala pamoja, yeye kichwa huku, mimi kichwa kule. Watu wamenisema sana. Wako walioniita katili, wako walioniita mjinga, na wako walionionea huruma, nao ndio walionikera kuliko wote. Sikuomba huruma ya mtu. Nitaeleza ilivyokuwa, kisha kila mtu aende na lake.

Kwetu ni Mpapura, kijiji cha mkoa wa Mtwara, watu wa mikorosho na muhogo. Vita ilipopamba moto ng'ambo ya Ruvuma, Wareno wakawa wanachoma vijiji, watu walivuka mto kwa mitumbwi wakaja upande wetu, wengine na kuku kwapani, wengine bila kitu. Mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, alikuwa ameoa na kukaa huko. Alitufikia asubuhi moja miguu imevimba, amemshika mkono mtoto wa kiume wa rika langu. Mkewe hakuwa naye, na mama hakuuliza. Mjomba alimkalisha mtoto mkekani akasema, "Dada, huyu sasa ni wako." Akala, akalala siku mbili, akarudi kupigana. Hatukumwona tena.

Asiyejua binamu ni nani kwetu hatanielewa, kwa hiyo nianze hapo. Ndugu wa tumbo moja mnaheshimiana. Binamu ni mtani wako. Atavaa shati lako bila ruhusa, atakumalizia mboga, atamwambia msichana unayemtaka kwamba bado unakojoa kitandani, na wewe huna haki ya kununa. Ukinuna umeuvunja udugu. Na jambo kubwa kuliko yote, hamwombani radhi. Radhi anaombwa mtu baki. Ukimwambia binamu yako "nisamehe", umemwambia kwamba hamjuani.

Tulicheza chandimu chini ya mikorosho, mpira wa matambara uliofungwa kamba za mkonge, peku. Msimu wa mabibo ardhi yote inateleza kwa yale yaliyooza, na mtu akikukwatua unakwenda kusimama kwenye shina la mti. Yeye alikuwa mwepesi, mguu wake wa kushoto una akili zake wenyewe. Mimi nilikuwa mzito, mfupa mtupu. Kwa hiyo alinipita nikampiga ngwala, akainuka akanipita tena, nikampiga tena. Hakuwahi kulia. Na aliponikanyaga vidole kwa makusudi, maana naye hakuwa malaika, mimi pia sikulia. Jioni mama alitukanda ugoko kwa maji ya moto yenye chumvi, mmoja baada ya mwingine. Jirani alipomwambia atuamue kabla hatujauana, alimjibu, "Watani hawaamuliwi. Wakichoka wataacha wenyewe." Hatukuchoka.

Alipofika miaka kumi na saba hivi, naye alivuka mto kwenda kumtafuta baba yake vitani. Hakuaga. Alivaa shati langu la Idi akaondoka nalo, na hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yake. Nilikasirika mwezi mzima, kisha hasira ikageuka kitu kingine ambacho sikukipenda zaidi. Mama alimtaja katika kila dua. Habari zake hazikuja, wala za baba yake.

Mimi nikaja Mtwara mjini nikapata kazi bandarini, kupakia magunia ya korosho melini, na jioni nikacheza mpira. Nilikuwa beki wa kulia, na sikuwa mpole, msinitafutie utetezi. Siku hizo winga akikupita mara mbili bila kuonja kisigino chako au ugoko wako, alikwenda kukutangaza mji mzima. Mawinga wa Lindi walinijua. Wa Songea walinijua. Mmoja wao aliwahi kumwomba mwalimu wake ahamishiwe upande wa pili, nikacheka wiki nzima. Waliosema nacheza mchezo mchafu niliwaambia waje wao wacheze ule msafi, tuone watafunga mangapi. Nilipochaguliwa timu ya mkoa, wa kwanza kutoka kijiji chetu, mama alichinja kuku wawili.

Ukaja mwaka ambao wenzetu wa ng'ambo walijitawala. Siku ile makuli tuliacha magunia gatini tukaingia barabarani na ngoma, na hakuna msimamizi aliyethubutu kutuita. Baada ya wiki kadhaa kamati ikatangaza mchezo wa kirafiki kati ya mkoa wetu na timu kutoka ng'ambo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa bara, Mkristo anayekaa Shangani, mtaa wa wakubwa, shati lake halijapata kuonekana na mkunjo, na nasema kweli hakuwa mtu mbaya. Alitukusanya akatuambia kwamba huu si mchezo wa mtaani, ni wa mataifa mawili, na wakubwa watakuwepo. Kisha akanivuta pembeni. Wiki mbili baada ya hapo timu ingepanda meli kwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya mikoa, na wateuzi wa timu ya taifa walikuwa wameandika kuuliza habari za beki wa kulia wa Mtwara. "Wewe cheza vizuri tu," aliniambia, "meli utapanda." Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Katika maisha yangu sijataka kitu kama nilivyoitaka meli ile.

Akatugawia na viatu, daluga nyeusi zenye njumu, kwa sababu mchezo wa kimataifa hauchezwi peku. Wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kuvivaa. Vyangu vilinibana, nikanyamaza nisije nikanyang'anywa.

Timu ya ng'ambo iliposhuka kwenye lori, nikamwona. Amerefuka, ndevu zimeanza kumtoka, lakini ni yeye. Sikumkimbilia kumkumbatia, hatukuwa watu wa mambo hayo. Nilimwambia, "Shati langu liko wapi?"

Akanitazama kuanzia daluga mpaka kichwani. "Nililivika sanamu la kutishia ndege shambani," akasema. "Ndege hawakuogopa. Na mwenye shati hawatamwogopa, utaona leo mbele ya wakubwa zako."

Ndivyo tulivyoamkiana baada ya miaka minne ya kutojua kama yu hai. Nilifurahi sana.

Na alilolisema alilitimiza. Mara ya kwanza alinipita kwa nje. Mara ya pili kwa ndani. Mara ya tatu akanipiga tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yangu, na wakati anauzunguka kuuchukua akasema kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima, "Bana mapaja, binamu, utazaa hapa hapa." Watu walicheka mpaka wakashikana. Akapiga krosi, ikazaa goli. Mapumziko kocha wetu alinijia mate yanamtoka. "Yule mgeni akikupita tena," aliniambia, "usirudi benchi, nenda moja kwa moja bandarini kwako." Neno la mgeni lilinichoma kuliko lile tobo, lakini sikuwa na muda wa kumweleza.

Kipindi cha pili hakikwenda mbali. Alikuja tena, mpira umemganda mguuni. Sitakudanganya kwamba niliufuata mpira. Niliulenga mguu wa kushoto, kama nilivyoulenga mara mia chini ya mikorosho, na yeye aliniona nakuja, nayajua macho yake, wala hakukwepa, kwa sababu kati yetu kukwepa ni woga. Kitu kimoja tulikisahau wote wawili. Miaka yote ile tulikuwa peku. Mfupa ulilia, na hata waliokaa nyuma ya goli waliusikia.

Nilisimama juu yake nikasema, "Inuka." Ndivyo tulivyozoea kuambiana. Hakuinuka.

Kapteni wao alinifikia kabla sijaelewa, akanitia ngumi ya mdomo. Fowadi wetu akamrudishia. Dakika ile ile kila aliyevaa jezi alikuwa amemshika mwenzake shingo, watazamaji wakavuka kamba, askari wakaingia na virungu, na urafiki wa mataifa mawili ukaishia hapo. Mimi sikupigana. Nilikuwa nimeinama pale chini, nashikilia goti lake lisizunguke, wakati watu wananipiga mateke ya mgongo wakidhani nammalizia.

Kesho yake mwenyekiti aliniita ofisini. Barua ilikuwa tayari. Ilisema kwamba mimi fulani naliomba radhi taifa jirani, pamoja na mchezaji wake, mgeni wetu, kwa kitendo changu. Ilibaki saini tu.

"Weka saini, ndugu, mambo yaishe," alisema. "Ni maneno tu haya."

"Mzee, huyu ni binamu yangu."

"Hata kama ni binamu yako."

"Binamu haombwi radhi, mzee."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Yaani umemvunja mtu mguu," akasema polepole, "na hutaki kumwomba radhi kwa sababu ni ndugu yako."

Yakisemwa hivyo, kwa Kiswahili cha ofisini, yanakuwa maneno ya mwendawazimu. Nilijua. Lakini mimi Kiswahili kingine cha kuyasemea sikuwa nacho. Nilirudisha kalamu mezani nikamwambia kama kuna barua inayosema nimemvunja mguu binamu yangu, ailete, hiyo nitasaini. Alinitazama kwa huzuni. Akasema basi kamati itakutana Alhamisi hospitalini, wageni wakiwepo, na majeruhi ataulizwa mwenyewe. Akisema ilikuwa ajali, napanda meli. Akisema ilikuwa makusudi, nafungiwa maisha.

Mama alikuwa amekwisha kufika kutoka Mpapura na kuweka makao wodini, na sufuria yake na mkeka wake. Mimi siku tatu sikwenda. Nilizunguka bandarini, nikabeba magunia ya zamu za wenzangu, nikagombana na kila aliyenisalimia. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa nikimwona amelala vile, neno lile la radhi litanitoka.

Alhamisi tulikizunguka kitanda chake. Mwenyekiti, mkuu wa msafara wa wageni, refa na daftari lake, mama sakafuni amekunja miguu, mimi mlangoni. Binamu alikuwa amekonda kwa siku tatu tu. Mguu ulikuwa umefungwa plasta mpaka pajani, umeinuliwa kwa kamba.

"Ndugu," mwenyekiti akamwambia, "tueleze lililotokea. Usimwogope mtu."

Binamu akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye mnasema kanivunja? Mtazameni vizuri. Huyu hawezi kumvunja mguu hata kuku. Alikuwa nyuma yangu hatua tatu, ulimi nje. Mimi nilitia mguu kwenye shimo la panya. Uwanja wenu una panya, mzee."

Refa alishusha pumzi, maana na yeye alikuwa na barua za kujibu. Mwenyekiti alikaribia kutabasamu. Mkuu wa msafara, aliyekuja amekunja uso, aliinua mabega akasema kama mwenye mguu anasema hivyo, yeye ni nani hata apinge. Refa akaanza kuandika. Kila mtu mle ndani alilitaka shimo lile, na mimi nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo tu.

Lakini katika chandimu yetu tusi kubwa halikuwa la baba wala la mama. Lilikuwa ni kumwambia aliyekuangusha, "Hukunigusa." Maana yake wewe si kitu, naanguka kwa hiari yangu. Nilimtazama binamu, naye akanikonyeza. Nikaona kwamba ananitukana mbele ya kamati nzima, ananichezesha mara ya nne, na nikinyamaza nitasafiri Dar es Salaam nikiwa beki aliyeokolewa na panya.

"Mwongo huyo," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Hakuna shimo. Nilimpiga mimi. Nilikuwa mbele yake, siyo nyuma, na niliulenga mguu wa kushoto nikaupata."

"Ndugu," mwenyekiti akasema, "unajua unachokisema?"

"Najua, mzee."

"Ulikusudia?"

"Nilikusudia."

Mama alijifunika uso kwa khanga. Refa alikata mstari juu ya maneno aliyoyaandika, akaandika mengine. Walipotoka, mwenyekiti alisimama karibu yangu kidogo akasema, "Nilitaka kukusaidia," na niliona kwamba alisema kweli.

Nikamgeukia binamu nikingoja kicheko chake. Nilijua kitakuwa kikubwa, na nilikuwa na jibu tayari. Hakucheka.

"Mpumbavu wewe," akasema, na haikuwa sauti ya utani. "Daktari kapita hapa asubuhi. Goti limekwisha. Nitatembea, lakini mpira basi. Miaka minne nimeutembeza mguu huu kwenye njia zenye mabomu ya kufukiwa, haukuguswa." Akaigonga plasta kwa kidole. "Nilitaka mmoja wetu acheze."

Mama alikuwa anajua. Ndiyo maana alijifunika uso wakati mimi naropoka. Peke yangu katika wodi ile nilidhani ni utani, kwa sababu tangu utoto hakuwahi kunipa kitu kwa mkono mweupe. Kila alichonipa alikitia kwanza tusi. Na hata siku hiyo alifanya vile vile, akalifunga lile jambo jema ndani ya matusi ya kuku na panya, nami nikaona matusi tu.

Neno lile lilinifika kooni. Wallahi lilifika, nikalisikia linavyosukuma. Nikalimeza. Wasemao ni kiburi na waseme, kiburi ninacho na sikukiazima kwa mtu. Ningelitamka, pale kitandani wangebaki watu baki wawili, mmoja kiwete na mwingine mwenye hatia, na kila tukikutana angekuwa ananihurumia nami namhurumia mpaka tuchokane. Mguu wake nilikuwa nimekwisha kuuchukua. Udugu sikuwa tayari kuuchukua pia. Na kuhusu lile shimo, hata ningejua, nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni lile lile. Nisingekubali akarudi kwao akawaambia watu ameangushwa na panya. Aliyemwangusha yupo, ana jina, na ni wa kwao.

Nikakaa kitandani upande wa mguu mzima. "Basi hatuchezi wote," nikamwambia.

Akageuza uso ukutani akalia. Na mimi nikalia, kila mmoja akiangalia kwake. Mama hakumwambia mtu anyamaze. Alimimina uji bakulini, akaliweka kitandani kati yetu na kijiko kimoja, akarudi mkekani kwake.

Uji ulikuwa umeanza kuganda juu aliposema, bado anatazama ukuta, "Ila ulinipata."

"Nilikupata," nikasema, nikachota uji nikamlisha.